Maji ya Jana Yamekwenda Wapi?

  

Leo twataka kuzungumza juu ya rejeta ya gari inayovuja kidogo. Kidogo tu, si ile iliyopasuka ikamwaga maji yote barabarani, maana hiyo haihitaji mazungumzo, gari husimama lenyewe. Twajua wengi wenu hamna gari, na huenda yupo mtu ambaye amekwisha kunyosha mkono aizime redio. Ngoja kidogo, ndugu. Hata asiye na gari hupanda matatu, hupelekwa hospitali kwa gari la jirani, na siku moja atachukuliwa kwa gari kwenda kuzikwa. Maji ya rejeta yanatuhusu sote.

Jambo tutakalosimulia lilitupata sisi wenyewe, sisi tuliokuwa katika kamati ya gari la kanisa letu huku Taita. Tumelisimulia mara mbili tatu katika mikutano ya akina baba, na kila mara mtu hutujia baadaye, akatuvuta kando na kusema kwa sauti ya chini, "Na langu pia linavuja." Ndiyo maana tumeona vema kulileta hapa.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu. Tulilinunua kwa harambee mwaka 2008, likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na tulilipenda kama mtoto. Lilibeba viti na turubai za matanga, lilibeba kwaya, saruji, mahindi ya shule, na mara nyingi sana lilibeba wagonjwa. Kule kwetu mtu akizidiwa usiku, jamaa zake walimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya gari kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 dereva wetu alitujia baada ya ibada. Alisema, "Wazee, asubuhi nikilitoa gari naona maji kidogo pale chini, mbele, upande wa kushoto." Tukamwuliza ni kiasi gani. Akatuonyesha kwa vidole: kama shilingi ishirini. Tukamwuliza, "Gari linatembea?" Akajibu, "Linatembea." Basi, tukaona yamekwisha. Siku ile tulinunua mtungi wa plastiki wa lita tano, uwe ukikaa nyuma ya kiti umejaa maji. Huo ndio uliokuwa uamuzi wa kamati, na uliandikwa katika daftari la mikutano, na sahihi zetu zipo.

Msituhukumu upesi. Fundi wa rejeta aliyeko Voi alitaka shilingi 1,500 aifungue, aipime na kuitengeneza, na wakati huo tulikuwa tukichanga pesa za kuezeka jiko la watoto wa chekechea. Maji ni ya bure, mabati si ya bure. Ndivyo tulivyopiga hesabu, na siku ile hesabu ilionekana ni ya watu wenye akili.

Kwanza ilikuwa kikombe kimoja kwa juma. Kufika Pasaka ilikuwa kikombe kila siku ya pili. Mwezi wa sita dereva alikuwa akiongeza maji kila asubuhi kabla jua halijatoka, nasi tukamsifu kwa bidii yake! Tulikuwa na desturi ya kusali kabla ya gari kuondoka, na hilo ni jambo jema, tunaendelea nalo mpaka leo. Lakini tulikuwa tukifumba macho boneti ikiwa imekwisha kufungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, maji ya jana yamekwenda wapi?

Sasa hatuna budi kueleza kidogo namna maji yanavyofanya kazi ndani ya gari, maana tulipoelezwa na fundi, baadaye sana, tuliona aibu kwa jinsi tulivyokuwa hatukijui kitu tulichokuwa tukikiendesha.

Injini huchoma mafuta. Sehemu ya moto huo husukuma gari, sehemu hutoka kwa ekzosi, na kiasi cha theluthi moja hubaki katika chuma cha injini. Usipoondolewa, chuma hicho hupinda. Kazi ya kuuondoa ni ya maji. Pampu huyasukuma yazunguke ndani ya injini, yaende kwenye rejeta, yapite katika mirija myembamba yenye mapezi, upepo na feni viyapoze, kisha yarudi tena. Hayo aliyekwenda shule ya udereva anayajua.

Tusilolijua sisi ni kazi ya kile kifuniko cha rejeta. Tulidhani ni kama kifuniko cha sufuria, kuzuia maji yasiruke na vumbi lisiingie. Sivyo. Akina mama wanaopika maharagwe wanalijua jambo hili kuliko madereva: ukipika juu mlimani, maharagwe huchukua muda mrefu kuiva kuliko Mombasa. Sababu yake ni kwamba Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100, lakini Nairobi huchemka kwenye digrii 94 au 95 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Sasa injini hupenda kufanya kazi katika joto la digrii 90 na kitu, na ikipanda mlima na mzigo joto laweza kupita 100. Maji yakiwa wazi yangechemka na kumwagika kila siku. Kwa hiyo waliotengeneza gari waliweka kifuniko chenye springi na mpira, kinachobana mpaka presha ya ndani ifike kiasi kilichoandikwa juu yake, kama vile 0.9 au 1.1. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie digrii 120.

Basi tazameni. Rejeta yenye tundu dogo haipotezi maji tu, inapoteza presha. Na presha ikitoka, hata maji yaliyobaki huchemka mapema kuliko yalivyopaswa. Sisi tulikuwa tukipima kile tulichokiona chini, ile shilingi ishirini. Kumbe hayo yalikuwa masalio. Gari likiwa limepoa, presha haimo, na tundu karibu linajiziba lenyewe. Likipata moto barabarani tundu hufunguka, maji yakatoka kwa nguvu kama mate ya swila, yakaangukia chuma cha moto na kugeuka mvuke papo hapo. Hakuna anayeyaona, kwa sababu wote waliomo garini wanatazama mbele.

Tena palikuwa na kosa la pili juu ya lile la kwanza. Gari letu lilipokuja lilikuwa na kulanti, ile dawa ya rejeta ya rangi ya kijani. Watu wengi husema kulanti ni ya nchi za barafu, sisi wa nchi ya jua hatuihitaji. Si kweli. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na pia huchelewesha maji kuchemka. Kila kikombe cha maji matupu tulichoongeza kiliizimua, mpaka ikawa kulanti kwa jina tu. Na maji yetu yalikuwa ya kisima cha bondeni, yenye chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko ule ule uliingia katika mirija ya rejeta. Kwa hiyo tulipodhani tunalinywesha gari, tulikuwa tukiliziba na kulitia kutu. Dawa yetu ilikuwa ikizaa ugonjwa.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba mwaka ule, saa tano, simu ililia. Mama mmoja kijana, katika kijiji kilicho chini ya Mwatate, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu mchana, na mtoto haji. Mkunga aliyekuwa naye alisema asingoje zaidi. Dereva akaamka, utingo akaamka, na wawili wetu wa kamati tukaenda pia. Tulimlaza yule mama juu ya godoro nyuma ya pikapu, mama mkwe wake akaketi karibu na kichwa chake, utingo akafunga turubai, tukashika barabara ya kwenda hospitali ya Wundanyi.

Wanaoijua barabara ile wanaijua. Ukitoka Mwatate inapanda kona kwa kona, mlima upande huu na bonde upande ule, na gari lenye mzigo hupanda kwa gia ya pili, mahali pengine ya kwanza. Injini inanguruma sana na gari linakwenda polepole, kwa hiyo upepo unaoingia katika rejeta ni haba. Hakuna mtihani mkali kwa rejeta kuliko huo.

Tulikuwa tumeketi mbele na dereva. Tukauona mshale wa geji ukipanda. Ukapita katikati, ukakaribia mstari mwekundu. Dereva akapunguza mwendo, nasi tukanyamaza. Kisha mshale ukaanza kushuka. Ukarudi katikati, ukashuka tena. "Afadhali," tukasema, "imepoa." Mmoja wetu hata alishukuru kwa sauti.

Wapendwa, likumbukeni jambo hili hata mkisahau mengine yote. Kile kidude kinachopima joto hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yakipungua hata kidude kikabaki hewani, hakina tena cha kupima, na mshale waweza kushuka. Chuma kinaungua, na mshale unasema ni baridi. Mshale ukipanda ghafla ni habari mbaya. Ukishuka ghafla mkiwa bado mnapanda mlima, ni habari mbaya zaidi.

Hatukwenda hata nusu kilomita. Tulisikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua, kisha mlio wa kugongagonga. Injini ikaishiwa nguvu, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, na gari likasimama pale kwenye kona.

Utingo wetu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwepesi, mwenye kupenda kazi. Kabla hatujasema neno alikuwa amekwisha kuruka chini, amefungua boneti, amekishika kifuniko kwa kitambaa na kukizungusha. Maji yaliyobanwa, yenye joto la kupita 100, ukiyafungulia hulipuka kuwa mvuke kwa mara moja. Yalimuunguza mkono wote wa kulia, na shingo, na upande mmoja wa shavu. Hatumlaumu hata kidogo. Hakuna aliyepata kumfundisha, na waliopaswa kumfundisha ni sisi.

Dereva alikuwa amekwisha kuuchukua ule mtungi wa lita tano, akikimbilia rejeta. Na sisi, twakiri, tulikuwa tukipiga kelele, "Mimina, mimina, mama asichelewe!" Hapo yule mama mkwe alishuka nyuma ya gari. Alimnyang'anya dereva mtungi, akamketisha kijana kando ya barabara, akawa anammiminia maji mkononi na shingoni, polepole, kidogo kidogo. Dereva alimwambia, "Mama, hayo ni maji ya gari." Yule mama hakumtazama. Alisema, "Gari ni chuma. Huyu ni mtoto wa mtu." Akaendelea mpaka tone la mwisho.

Baadaye tulielezwa kwamba alifanya vema mara mbili. Hospitalini walisema maji yale yalimsaidia sana kijana, maana aliyeungua yafaa apozwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, hata dakika 20 yakipatikana, wala asipakwe mafuta, unga au dawa ya meno. Naye fundi alisema kwamba tungalimimina maji baridi katika injini iliyokuwa na moto namna ile, huenda chuma chenyewe kingepasuka, na hapo hata fundi asingekuwa na kazi tena.

Tulikaa pale kwa muda ambao hatutaki kuuhesabu. Simu zetu hazikushika mtandao. Hakuna gari lililokuja likipanda. Mama aliyekuwa nyuma alikuwa akilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko kulia. Mwishowe tuliona taa zikiteremka toka juu: lori lililojaa kabeji na sukuma wiki, likienda soko la Kongowea, Mombasa. Dereva wake hakuweza kugeuza mahali pale, lakini alisema, "Wazee, hospitali hata Voi ipo." Tukasogeza magunia, tukatandika godoro juu ya kabeji, tukampandisha mama, na mkwe wake, na yule kijana akiwa ameuinua mkono wake hewani. Sisi tukabaki na gari. Hatujapata kuwa na usiku mrefu kama ule, wala hatukuwa na la kuambiana.

Mtoto alizaliwa Voi kabla ya mapambazuko, msichana, na mama yake akawa salama. Kijana alilazwa juma tatu. Tulipokwenda kumtazama alituomba radhi kwa kufungua kifuniko. Hatukujua la kumjibu.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi yule yule wa Voi ambaye tulikuwa tumemnyima shilingi 1,500. Aliitoa rejeta, akaiweka juu ya pipa mbele yetu. Juu ni plastiki, katikati ni alumini, na pale viwili hivyo vinapoungana palikuwa na ukoko wa kijani, mnene kama ukucha. Akaukwangua kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na ufa ambao uzi wa kushonea ungeingia kwa shida. Akasema, "Wazee wangu, chumvi hii imekuwa ikiwaambia tangu zamani." Silinda hedi ilikuwa imepinda, gasketi yake imeungua. Kunyosha hedi, gasketi, rejeta nyingine, oili mpya, na malipo ya kuvutwa, jumla ilipita shilingi 60,000. Jiko la chekechea lilingoja mabati yake miaka miwili zaidi, na watoto walinywa uji chini ya mwembe.

Basi, aliye na kalamu na achukue, maana fundi alitufundisha mengi siku ile, nasi tumeyatumia tangu hapo.

Usiku tandaza boksi lililokunjuliwa chini ya gari, asubuhi utaona tone limeanguka wapi na rangi yake ni gani. Maji ya eyakondisheni ni meupe na hayana harufu, hayo hayana neno. Ya rejeta huwa na rangi na utelezi kidogo. Kisha, injini ikiwa baridi, tafuta ukoko wa kijani, mwekundu au mweupe, maana maji yanayokauka huacha chumvi mahali yalipotokea. Anza na vitu rahisi. Tazama mipira ya rejeta: ikiwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, au imepasukapasuka kwenye klipu, badili. Pengine klipu tu imelegea, na bisibisi inatosha. Tazama mpira ulio ndani ya kifuniko. Ukiwa umekatika au kukauka, nunua kifuniko kingine chenye namba ile ile ya presha. Tumekwisha kuona gari lililotibiwa miezi kadhaa kumbe ugonjwa ni kifuniko.

Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo. Kikitoa maji, usikizibe kama alivyofanya ndugu mmoja tunayemjua, akajiona fundi. Kitundu kile kimewekwa makusudi, kikuambie kwamba mpira wa ndani ya pampu umekwisha. Na kama zulia la upande wa abiria lina unyevu na harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja. Mafundi wengi wana pampu ya mkono ambayo hufungwa mahali pa kifuniko. Huipiga mpaka presha ya kifuniko, wakatazama geji yake. Ikishuka, kuna tundu, hata kama hamlioni. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Lakini kama maji yanapungua na nje hakuna dalili yoyote, usitulie. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe mwingi wenye harufu tamu hata injini ikiwa imepata moto, maji yanaingia ndani ya injini yenyewe. Hilo si tundu dogo tena. Zima gari, ita fundi.

Kuna watu hutuuliza juu ya yai, na pilipili manga, na zile dawa za chupa za kuziba rejeta. Hatutasema hazizibi. Yai likikutana na maji ya moto huiva, likanaswa tunduni, na mtu akafika nyumbani. Shida ni kwamba yai halijui lipi ni tundu na upi ni mrija. Huziba vyote viwili. Dawa za chupa ni bora kuliko yai, ila nazo ukizizidisha hufanya vivyo hivyo, hasa katika rejeta iliyokwisha kuwa na ukoko. Zitumie ufike kwa fundi, kisha mwambie fundi ukweli kwamba ulizitia, apate kusafisha.

Na matengenezo yenyewe hutegemea rejeta. Zile za zamani za shaba hulehemiwa vizuri sana na mafundi wetu wa jua kali, na kazi yao hudumu. Ya alumini haishiki risasi ya kulehemu ya kawaida. Huhitaji uchomeleaji wa namna yake. Sehemu ya plastiki ikipasuka, gundi ni ya muda tu, badili. Mrija mmoja au miwili iliyotoboka fundi aweza kuifunga kabisa, gari likaendelea. Akifunga mingi, umebaki na rejeta nusu.

Ukipatwa njiani, kwanza simama. Usijiambie utafika kwenye kituo kile pale mbele. Kama mshale umeanza tu kupanda na huwezi kusimama mara moja, funga eyakondisheni, fungua hita mpaka mwisho, maana hita huondoa joto katika injini, ijapokuwa mtatoka jasho. Ukisimama, zima, usiguse kifuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia. Hiyo yaweza kuwa nusu saa au zaidi. Kisha tumia kitambaa kizito, geuza uso, zungusha mpaka hatua ya kwanza tu, sikiliza mvuke uishe, ndipo ufungue. Maji uyatie polepole. Na kama tundu ni dogo na fundi yuko karibu, kuna hila moja ya wazee wa safari: acha kifuniko kwenye ile hatua ya kwanza, usikikaze kabisa. Presha haitajengeka, na tundu litatoa maji kidogo zaidi. Lakini kumbukeni tuliyosema juu ya maharagwe: bila presha maji huchemka mapema, kwa hiyo nenda polepole mahali tambarare, simama mara kwa mara utazame. Kwa kupanda Wundanyi hila hiyo haifai.

Jambo la mwisho ni juu ya wanyama na watoto. Kulanti nyingi zina dawa iitwayo ethilini glaikoli. Ni tamu, na ni sumu, huua figo. Mbwa akikuta kidimbwi chake atakiramba, na mbuzi pia, na mtoto atachovya kidole. Ukimwaga kulanti ya zamani usiiache katika karai uani, wala usiitie katika chupa ya soda.

Gari lile bado tulikuwa nalo kwa miaka mingi baadaye, na lilipanda Wundanyi mara nyingi tusizoweza kuhesabu. Tulinunua daftari la kurasa tisini na sita, likafungwa kwa uzi kwenye mlango wa dereva. Kila akiongeza maji huandika tarehe, kiasi, na kilomita. Akiandika mara mbili katika mwezi mmoja, gari haliondoki tena mpaka limepimwa, hata kama kuna arusi. Wakati mmoja palikuwa na arusi kweli, na bwana arusi alikasirika sana. Utingo wetu wa zamani ndiye aliyekataa kutoa funguo. Wakati huo alikuwa dereva, na alipokwisha kumsikiliza bwana arusi alikunja tu mkono wa shati, asiseme kitu.

Mtungi wa lita tano tunao mpaka leo, nyuma ya mlango wa ofisi.